Kwa Mama, Uliyenipeleka Chuo cha Mbali

Mpendwa mama,

Tangu jana nimerudiwa na hofu niliyokuwa nayo mwaka ule niliomaliza kidato cha sita. Watu wa kuwaambia ninao, lakini anayeijua hofu hiyo ni weye peke yako. Mjukuu wako Amina, tuliyempa jina lako, amepata nafasi ya kusomea udaktari katika vyuo viwili. Kimoja kipo Dar es Salaam, kingine kipo Mwanza. Alikaa mbele yangu hapa Kibiti akaniuliza, "Mama, ungekuwa mie ungechagua kipi?" Nikamwambia nimeacha wali motoni, nikatoka. Hapakuwa na wali wowote. Nilikwenda kusimama uani, nikakukumbuka.

Unajua kwa nini nilishindwa kumjibu. Mtoto yule jina lako lilimjia pamoja na ugonjwa wako. Siku alipoanguka mara ya kwanza, akiwa darasa la tatu, weye ndiye uliyemlaza ubavu kabla mie sijafika, na mie ndiye daktari wa nyumba.

Nakumbuka siku nilipokushika mara ya kwanza. Tulikuwa shambani Maparoni. Mie niko juu ya dungu, kile kibanda tulichokijenga juu ya nguzo, nagonga debe bovu ili ndege wasishuke kwenye mpunga. Weye ulikuwa chini unang'oa magugu, maji yamekufika vifundoni. Niligeuka kufukuza ndege wa upande wa pili, nilipotazama tena sikukuona. Niliona mpunga unatikisika mahali pamoja tu, na upepo haukuwepo.

Sikushuka ngazi, niliruka. Nilikukuta umelala kifudifudi, uso ndani ya maji, mwili mzima unajipigapiga. Nilikugeuza kwa nguvu ambazo mpaka leo sijui nilizitoa wapi, povu likakutoka mdomoni. Watu wa shamba la jirani walikuja mbio, kisha wakasimama mbali. Mwanamume mmoja akaniambia, "Mwache, mtoto. Likikugusa lile povu, nawe utaanguka maisha yako yote."

Sikukuacha. Haukuwa ujasiri, mama. Niliogopa povu, lakini kubaki peke yangu niliogopa zaidi.

Ulipozinduka ulinitazama kama mgeni, halafu ukauliza, "Ndege wameshuka?"

Nikasema hawajashuka. Walikuwa wameshuka zamani.

Baba alishaondoka wakati huo. Alivuka kwenda Mafia, akaoa huko, akatuma salamu kwamba hawezi kulala chumba kimoja na ugonjwa wa kuanguka. Tukabaki watatu, mie, weye na bibi. Nilipokwenda bweni kusoma sekondari, bibi ndiye alikuwa macho yako. Aliketi kati yako na moto. Alikufuata ukienda kuchota maji. Alifariki nikiwa kidato cha sita, na baada ya mazishi, watu walipotawanyika, nilikutazama ukipepeta mchele uani nikajiuliza nani atakaa kati yako na moto sasa.

Kisha yakaja majibu ya vyuo.

Ile ilikuwa miaka ambayo ruksa ya biashara imeshafika mpaka Nyamisati, gati letu la kuvukia kuja Kibiti. Duka la ushirika lilikuwa limefungwa na popo wanaishi ndani, lakini mitumba na redio za betri ulizikuta gatini zimetandazwa juu ya turubai. Kibiti yalifunguliwa maduka ya dawa ya watu binafsi, na zahanati nayo ikaanza kutaka mgonjwa achangie. Kila kitu kilipatikana kwa aliyekuwa nacho. Vyuo navyo viliingia humo humo. Chuo cha Serikali cha Dar es Salaam, ambacho waliotutangulia walisoma bure, sasa kilitaka mzazi achangie. Na huko kaskazini, chini ya mlima, kilikuwa kimefunguliwa chuo kipya cha kanisa, ndani ya hospitali yao, chenye wafadhili waliokuwa tayari kumlipia kila kitu mwanafunzi wanayemkubali. Mwalimu wangu wa baiolojia ndiye aliyeniombea nafasi kule. Niliitwa kote kuwili.

Dar nilikwenda na Mjomba Salumu, kaka yako, aliyekuwa akiuza mitumba Kariakoo. Alinitembeza chuoni kwa fahari kama aliyekijenga yeye. Tulipokaribia jengo wanamojifunzia maiti, harufu ilitujia puani, Mjomba akashika pua na kurudi nyuma. Mie nikajificha nyuma yake. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alitucheka, kisha akatueleza ukweli. Madarasa yamejaa, mabweni yamejaa, na mwenzake wa chumba ameshindwa mchango, amerudi kwao kungoja mwaka mwingine.

"Malazi si tatizo, utakaa kwangu," Mjomba aliniambia tukirudi. "Huo mchango mie siuwezi, nisikudanganye. Lakini hapa mama yako akianguka, asubuhi tunapanda gari, jioni tuko Nyamisati."

Neno hilo lilinikaa. Asubuhi gari, jioni Nyamisati.

Kaskazini nilikwenda peke yangu, kwenye usaili. Sijawahi kuona baridi ya namna ile. Nilivaa koti la mitumba la Mjomba, nikawa naogopa kila kitu, chakula chao, misalaba ukutani, Kiswahili chao kilichokuwa kikavu masikioni mwangu. Nilikuwa msichana pekee mwenye ushungi kwenye benchi lile. Mzee mmoja daktari aliniuliza kwa nini nataka kazi hii. Nilikuwa nimekariri jibu zuri, likanipotea. Nikamwambia, "Mama yangu anaanguka."

Hakuandika kitu. Aliuliza unatumia dawa gani, nikamwambia zahanati ikiwa nazo unameza, zisipokuwepo huna. Akatikisa kichwa. "Dawa hii haitaki kukatika hata siku moja. Ikikatika ndipo mgonjwa huanguka vibaya," akasema. Akainuka, akanipeleka nyuma ya jengo kwenye kliniki.

Mama, kulikuwa na wanawake kama weye wamejaa mabenchi. Mmoja ana kovu la moto shavuni, mwingine amekatika vidole. Walikuwa wanapiga soga na kucheka. Mmoja alianza kuanguka pale pale, na wenzake wawili wakamlaza ubavu, wakamwekea kanga chini ya kichwa, wakaendelea na soga yao mpaka alipozinduka. Hakuna aliyesimama mbali. Nilikwenda nyuma ya ukuta nikalia. Nilijua hapa ndipo ninapotakiwa kuwa, na nilijua ni mbali kuliko mahali pote nilipopata kufika.

Niliporudi Maparoni ulikuwa umekaa mkekani, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Jirani yetu Bi Tatu alikuwa anakupepea nzi. Nilikifungua kitambaa kile, nikaona ngozi imebabuka kuanzia kwenye kiwiko mpaka kifundo cha mkono. Ulikuwa umeangukia jikoni, mkono ndani ya makaa. Bi Tatu ndiye aliyesikia harufu.

Ndipo nikakata shauri. Nilikwambia naenda Dar, mchango tutaomba kwa watu, ikishindikana nitasoma ualimu, hata hapo Utete, nikulinde. Nilisema maneno mengi. Ulingoja niishiwe.

"Na huko kaskazini hukukupenda?" ukauliza.

"Ni mbali, mama."

"Sikukuuliza umbali."

Nikakusimulia ile kliniki. Nilipokueleza wale wawili walivyomlaza mwenzao na kuendelea na soga, ulisema nirudie. Nikarudia. Ukatazama mkono wako.

"Zuhura," ukasema, "ukikaa nitaanguka mbele yako. Ukienda nitaanguka nyuma yako. Kuanguka ni kule kule. Wa kunishika nimeshapata, Bi Tatu huyu hapa. Wa kunitibu ndiye sijampata."

Bi Tatu akasema, "Dawa nitamfuatia mie mpaka Kibiti kila mwezi. Hata nikipanda gari la nguzo za mikoko."

"Ukiungua tena?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ya yule mtoto wa juu ya dungu.

"Sitaungua," ukajibu, kama mtu anayesema hatakula pilipili.

Nilikwenda kwa amri yako. Siku ya kuondoka weye na Bi Tatu mlinisindikiza mpaka Kibiti. Hukulia. Ulinihimiza nikae upande usiopigwa na jua, ukaniuliza kama koti nimeliweka juu sandukuni, nisilitafute baridi ikianza. Basi lilipoanza kutembea nilikutazama dirishani mpaka vumbi likanifunika macho. Nilikasirika kidogo, kwamba umenitoa kirahisi hivyo.

Mwaka wa kwanza niliuishi kwa kusikiliza redio. Bwaloni walikuwa wanafungulia matangazo ya vifo wakati wa chakula cha jioni, na wenzangu walikula huku wanazungumza. Mie kijiko kilisimama hewani. Kila aliposema mtangazaji, "Ndugu fulani wa Rufiji anasikitika," niliacha sahani nikaisogelea redio. Karani wa ofisi akipita darasani na karatasi mkononi, nilijua ni telegramu ya msiba, nilijua ni yangu. Chumba cha maiti, kilichoniogopesha Dar, huku hakikunitisha tena. Waliokuwa mle walikwisha kufa. Niliyemwogopea alikuwa hai, na mbali.

Likizo ilipofika nilisafiri bila kulala. Nilikukuta mlangoni, mwembamba, mkono umepona na kovu linang'aa. Tulishikana muda mrefu. Kisha nikaingia jikoni nikuchemshie chai, nikashangaa. Hapakuwa na jivu. Katikati ya mafiga kulikuwa na majani makavu, na juu yake kuku ameatamia mayai.

Nilikuuliza, ukasema kuku yule mkaidi. Bi Tatu ndiye aliyeniambia, tukiwa kisimani. "Mama yako hajawasha moto tangu ulipoondoka. Anakula kwangu, ananitwangia mpunga. Watu wanamwona mvivu, hasemi kitu. Aliniambia anaogopa kuungua, wakuite, na ukiitwa hutarudi tena chuoni." Akainua ndoo, akaongeza, "Na siku ile uliyoondoka hakuweza kutembea kutoka stendi. Nilimkalisha kwenye baraza ya duka mpaka alasiri."

Sikukwambia kwamba ameniambia. Nilikaa karibu nawe jioni ile tukala wali wa Bi Tatu, na nilikutazama kwa namna nyingine. Nilikuwa nimedhani katika nyumba ile mwoga ni mmoja.

Mengine unayajua. Mwaka wa tatu nilikuchukua mpaka kule kaskazini, ukaketi kwenye mabenchi yale, ukajifunika kanga mbili kwa baridi. Yule mzee alikubadilishia dawa. Mwanamke mwenye kovu la shavuni aliuona mkono wako akakuonyesha wake, nanyi mkaanza kupimana makovu kama watoto wanaopimana urefu. Hukupona kabisa, lakini miezi ilipita bila kuanguka, halafu miaka. Nilipopangiwa kazi hapa Kibiti ulihamia kwangu, na ukaanza tena kupika mwenyewe. Ulipofariki ilikuwa mapafu, kitandani, mkono wako ndani ya mkono wangu. Hukufia majini wala motoni. Yale yote niliyoyaogopa miaka yote ile hayakutokea, na bado sikujifunza kutoogopa.

Ndiyo maana jana nilikimbilia uani. Dar kuna nyumba ya watoto wa Mjomba Salumu, asubuhi gari, mchana nimefika. Mwanza sina mtu. Amina hajaanguka muda mrefu, lakini mie najua dawa ikikatika mara moja inakuwaje. Nilimwona tayari akilini, ameanguka kwenye ngazi za bweni, na wasichana wamesimama mbali.

Leo baada ya alasiri nimemwita. Nimemwuliza anataka kipi, akasema Mwanza. Kule amelipenda somo la ubongo linavyofundishwa, na gharama zake ni nafuu. Kisha akasema, "Ila nakuona mama unavyoogopa. Ukisema Dar, nitakwenda Dar."

Nikamwuliza, "Ukianguka kule?"

"Siku ya kwanza bwenini nitawaambia wote," akasema. "Nitalala chini niwaonyeshe namna ya kunigeuza ubavu. Wajaribu mmoja mmoja."

"Wakikukimbia?"

"Hilo naliogopa," akasema.

Mama, weye ungemhimiza tu akae upande usiopigwa na jua, na hofu yako ungeimeza mpaka basi lipotee. Mie sina nguvu hizo. Nilimwambia naogopa, na kwamba niliogopa hivyo hivyo kwa ajili yako, na weye kwa ajili yangu. Nikamwambia aende Mwanza. Alinilalia mapajani akalia, nami nikalia, mpaka adhana ya magharibi ilipotukuta tumekaa vile vile. Kisha akainuka, akatandika mkeka ukumbini, akalala chini. Akasema, "Haya, nigeuze. Nataka nijue nitawafundishaje."

Nikapiga magoti nikamgeuza. Mikono ilijua la kufanya.

Lala pema, mama. Mwombee mjukuu wako safari njema.

Mwanao mwoga,
Zuhura