Binamu Mnene wa Armadilo

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu za kijana anayejua mifupa kuliko watu wote walio hai, na wafu wasibishe, maana nimewashika. U mzima? Watoto je? Na shemeji, bado anakoroma mpaka sufuria zinatetemeka? Mimi ni mzima, nazidi kupendeza.

Asante kwa kunitafutia kazi hii ya karakana ya makumbusho. Ulimwambia mkuu wetu, Mama Mifupa, kwamba shule ilinishinda lakini mikono yangu ina akili. Mama wa watu akaamini.

Tunaunganisha gamba la mnyama aliyetoweka zamani, mkubwa kama gari dogo. Gamba zima ni vipande vya mfupa vilivyopangana kama vigae vya bafuni. Siku ya kwanza nilitangaza kwamba huyu ni babu yake kakakuona. Fundi wetu wa plasta alicheka mpaka akakaa chini. Mama Mifupa alinieleza taratibu kwamba magamba ya kakakuona ni kama kucha zetu, ila ya huyu ni mfupa mtupu. Ndugu zake ni armadilo, wale wanyama wadogo wa mbali wenye migongo migumu. Wala si babu yao, ni binamu aliyenenepa. Hakuna mwalimu aliyewahi kunisahihisha bila kunivuta sikio.

Kilichobaki kilikuwa kujua anaingia tawi lipi la ukoo huo. Kazi yangu ilikuwa kuvipaka vipande vyote gundi nyepesi visimeguke, isipokuwa kimoja alichokitenga Mama, kisiguswe na kitu, ili maabara watafute vinasaba vya kale ndani yake. Amelisubiri jibu hilo tangu ujana wake.

Juzi maabara walijibu kwamba kimejaa gundi, hakisomeki. Mama akasimama mbele ya wakubwa wote akaomba radhi, akasema yeye ndiye aliyechanganya trei. Kisha akaja kunibembeleza mimi. "Usinune, mwanangu. Ni uzee wangu tu."

Dada, hakuchanganya kitu. Nilikikuta peke yake kwenye trei, kimefifia, wenzake wanang'aa. Nilitaka Mama akija afurahi. Nikakipaka, tena vizuri kuliko vyote.

Nimekuambia wewe kwanza ili nisipate pa kukimbilia. Nikishabandika stempu, napanda ngazi kwenda kwake.

Wabusu watoto.

Mdogo wako,
niliyekipaka.