Sanamu Lililovaa Koti la Baba Mkwe

Mzee wangu mdogo,

Ndaga kwa salamu zako. Hapa Lufingo mvua haijatuachia, migomba imenawiri, na shangazi yako amejifungua salama.

Unauliza kama si mchezo wa kitoto, ninyi madaktari watarajiwa huko Dar kutibu sanamu la plastiki. Sisi letu lilikuwa la gunia.

Nilikwenda kusomea uuguzi nikiwa tayari mke wa mtu, na unajua kwetu mkwe hakutani na baba mkwe; nikimwona njiani nilijificha migombani. Mwalimu akalivisha lile sanamu koti na kofia ya mzee. "Huyu ni baba mkwe wako, amepaliwa, hapumui. Utamkimbia?" Wenzangu walicheka, kumbe mimi nimeshafika mlangoni. Akanirudisha, siku hiyo na nyingine nyingi, mpaka mikono ikalizoea lile koti.

Nilipoajiriwa, mchana mmoja wakamleta baba mkwe mwenyewe, kipande cha ndizi kimemkaba. Nilikuwa peke yangu wodini. Mikono ilitangulia, aibu ikaja baadaye. Alipokohoa na kufumbua macho, akajifunika shuka usoni, nami nikageukia ukutani.

Aliendelea kunikwepa njiani, ila kila ndizi zake zilipokomaa, mkungu wa kwanza niliukuta mlangoni kwangu.

Rudi kwa sanamu lako, Mzee wangu. Sasa unajua kwa nini sijawahi kukuita kwa jina. Ulilopewa ni la baba mkwe, na kwetu mkwe halitaji.

Bibi yako