Zambarau ya Dorine

Thika, tarehe 9 Juni

Kwa binti yangu Nafuna,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mvua imekoma, kuku wawili wanaatamia, na kanisa letu limepata mabati mapya.

Unaijua desturi ya nyumba hii. Kabla ya uji, kila mtu hutaja rangi moja aliyoiona katika kazi ya mikono ya Mungu, nami husema amina. Mwanao Dorine alikuwa bado hajapata zambarau, kwa kuwa mijakaranda haijachanua. Nilimwambia, "Itafute, mjukuu wangu. Utukufu wa Bwana haujifichi."

Jumatano aliingia mbio, uso ukichuruzika maji. "Babu, nimeipata! Mfereji wote ni zambarau! Nimenawa utukufu!"

Ni mfereji unaopita nyuma ya viwanda, Nafuna. Ile ilikuwa rangi ya kutia nguo.

Ilimchoma macho, na daktari ameyafunga kwa bandeji hadi Jumatatu. Nilipomuuliza kama mtoto ataona, alisema tungoje. Sikutaka kukuandikia, kwa maana uko mbali huko Doha na mwajiri wako hakupi ruhusa. Lakini naogopa. Nimefundisha Biblia miaka arobaini, na ni mimi niliyemtuma mtoto kutafuta.

Leo aliketi mahali pake kabla ya uji. "Kijani, Babu," akasema. "Cha majani ya mgomba. Nakikumbuka."

Akaingoja amina yangu. Nikamsogezea uji bila kuisema. Tafadhali, iseme wewe huko uliko.

Baba yako,
Sifuna