Mwanangu Wamemfanya Taza

Chovai, mwezi nne Mfungo Tano, 1331

Kwa Bibi Zakia binti Abdulqadir, mwalimu wa wana wa kike, Kismayo.

Bibi yangu mpendwa, baada ya salamu, naomba unishike mkono, kwani nimefika mahali ambapo sijui mguu niuweke wapi. Majibu yako kwa wanawake hunakiliwa na kusomwa hapa kwetu tukisuka mikeka, na lile ulilompa yule mwanamke wa kisiwa cha Ngumi aliyekuwa akipigwa na mkwewe nimelisikia mara tatu, na kila mara nilijiambia huyu bibi hamwonei mtu haya, basi na mimi nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumpa mtu aniandikie, kwa sababu haya sijamwambia hata mama aliyenizaa.

Mimi ni Mwanamwema, mke wa Famau, mvuvi wa kasa. Mume wangu huvua kwa taza, yule samaki anayenata kwa kichwa, humfunga kamba mkiani na kumwachia majini, naye akimpata kasa humganda mpaka wote wawili wavutwe chomboni. Na kwetu, mvuvi akiwa baharini na taza wake, nyumbani kwake hakuna kugombana wala kulia kwa sauti, kwani wazee wanasema kelele za nyumba humfikia taza naye huachia, na mvuvi hurudi mikono mitupu, au asirudi. Mwaka juzi mvuvi mwenzake Abdulkadiri hakurudi, na mpaka leo mjane wake anaonyeshwa kidole kwa kuwa siku ile alizozana na jirani kisimani. Mimi nilikuwapo kisimani. Habari zilipofika niliona wanawake walivyomgeuzia mgongo, na tangu siku hiyo mume wangu akitoka mimi hutembea nyumbani kwangu kama mwizi.

Nina binti mmoja, Salme, ana miaka tisa. Toka ana miaka mitatu nimemfundisha kunyamaza babaake akiwa baharini, na amefundishika, Bibi, watu walikuwa wakimsifu, akianguka anauma mdomo na kuinuka, nami nilijivuna. Sasa msimu huu nikaanza kumwona haji kula, na akitoka kuokota chaza na wenzake maji yakipwa anarudi ameroa mpaka nywele, na kifundoni mwa mguu ana mduara mwekundu. Nikamuuliza, akasema amejikwaruza kwenye mwamba. Nikampaka mafuta ya simsim. Nikasema labda ni mdudu, nikasema labda ni jicho la watu, nikamchomea ubani na kumvalisha hirizi, na siku ya tatu hirizi ikarudi imelowa na uzi umekatwa.

Basi bamvua iliyopita, maji yalipokupwa sana, nilimfuata. Nilijificha kwenye mikoko, na kutoka pale nikaona wasichana watano, na mkubwa wao ni Mwanaharusi, mtoto wa wifi yangu Maimuna, dada yake Famau, msichana wa miaka kumi na miwili niliyemlea mgongoni mwangu. Walikuwa wamemfunga Salme kamba mguuni. Mwanaharusi akasema kwa sauti, nilisikia kila neno, "Wewe ni taza, na taza hana sauti. Ukilia, taza wa babayo ataachia, na babayo atazama, afe mai. Na mchu ukimwambia, hata mamayo, ni hivyo hivyo." Kisha wakamsukuma ndani ya kidimbwi na kumkanyaga mabega, nami nikaanza kusoma Kul-huwallahu moyoni, nikaimaliza, nikairudia nikaimaliza, ndipo wakamvuta. Wakacheka. Wakamsukuma tena.

Bibi yangu, mficha uchi hazai, nami sitaficha. Sikutoka mikokoni. Famau alikuwa baharini siku ya pili, na nilijua nikitoka nitapiga kelele, na Maimuna angekuja mbio na kelele zake zinazosikika mpaka kisiwa cha Koyama, na Famau asiporudi watasema ni mimi. Nikageuka. Nikarudi nyumbani nikakaa jikoni nikamenya vitunguu, ili machozi yangu yawe na sababu.

Famau alirudi bila kasa. Si mtu mbaya, Bibi, hajanipiga hata siku moja, lakini bahari inamtisha siku hizi, na aliyetishika huuliza maswali. Akasimama mlangoni akasema, "Ni nani alolia humu ndani?" Na Salme akatoka nyuma ya mlango akasema, "Ni mimi, baba. Nililia kidogo tu, ndani ya mai." Babaake hakuelewa, akadhani mtoto anasema mambo ya kitoto, akamshika kichwa akapita. Mimi nilielewa. Nikaenda kumpakulia chakula.

Toka siku hiyo mtoto hasemi ila akiulizwa. Juzi alfajiri nilikwenda kumwamsha aswali, nikamkuta amelala na kitambaa amejijaza mdomoni, nikakitoa, akashtuka akaniambia, "Nirejeshee, mama, nisije nikalia usingizini."

Sasa Famau anatoka tena mwezi ukiwa na siku kumi, na bamvua ni siku ya kumi na nne na kumi na tano. Nimewasikia wale wasichana kisimani wakinong'ona kwamba kidimbwi sasa ni kidogo, bamvua hii watakwenda Shimo la Nje, pale mwamba unapokatika na chini hakuonekani. Sijui nifanye nini. Nikimwambia Famau kabla hajatoka atatoka na hasira kifuani, na nikimwambia akisharudi huenda mtoto akawa amekwisha kuzama. Nikimfungia Salme ndani wataulizana kwa nini, nikimwendea Maimuna ni vita. Nilikuwa nimwambie mtoto avumilie mpaka msimu uishe. Naomba uniambie kama ndivyo. Naogopa, Bibi. Naogopa mchana, na nikimtazama mwanangu naogopa zaidi, kwa sababu yeye hanitazami tena. Wako, Mwanamwema.

*

Kismayo, mwezi sita Mfungo Tano, 1331

Mwanangu Mwanamwema,

Nahodha Nasrudin aliyeniletea barua yako nimemzuia asitweke tanga mpaka nimalize jibu hili, na amekaa ukumbini kwangu amenuna. Anune. Barua yako haitanakiliwa wala kusomwa kwa mtu mpaka wewe mwenyewe useme.

Kwanza unalouliza mwisho, maana ndilo baya kuliko yote. La, usimwambie avumilie. Amekwisha kuvumilia kuliko nyinyi wote hapo Chovai. Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini hata wao hawakuwaza mama atakayemchelea mwanawe kulia mpaka mtoto ajizibe mdomo mwenyewe. Nimekasirika nawe, nakwambia waziwazi. Uliona, ukageuka. Nimelia pia, kwa kuwa najua ulichokuwa ukikiogopa, na si uongo, watu wangekusema.

Usidhani naidharau mila yenu kwa sababu nakaa mjini. Mjomba wangu Gharibu alivua kasa Koyama maisha yake yote na mwiko wa nyumba ninaujua. Mwiko ule ni wa watu wazima: mke asimtukane mume akiwa majini, majirani wasishikane mashati. Mjomba alipokuwa baharini sisi watoto tulilia kila siku, kwa njaa, kwa meno, kwa kupigwa, na kasa walivuliwa. Ni nani aliyekwambia umtwike mtoto wa miaka tisa uhai wa babaake? Ulimtwika wewe, kwa hofu yako, na Mwanaharusi alikiona kile kitu ulichokiweka mabegani mwa mwanao akakitumia. Na Abdulkadiri alichukuliwa na bahari, si na ulimi wa mkewe. Mpelekee mjane huyo salamu zangu, na ukimpelekea, kaa naye kidogo.

Sasa nisikilize kuhusu Mwanaharusi, kwani hapa nina ujuzi kuliko ninaotaka kuwa nao. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Chuoni, tulipokuwa tukisoma Kurani, tulikuwa na msichana mwenye kigugumizi, na nilimtesa mwaka mzima, nikimlazimisha asome mbele yetu, nikimfungia chooni. Sikumchukia. Nilimchagua kwa sababu hakuwa na wa kumwambia, na kila alivyonyamaza ndivyo nilivyotaka kujua atanyamaza mpaka wapi. Nyumbani kwetu nami nilikuwa nikichapwa na kaka yangu, na hakuna aliyeuliza. Mwalimu wetu alipoanza kuja kukaa kati yetu na mkeka wake kila siku, mchezo ulikufa. Yule msichana yuko hapa hapa mjini, ana wajukuu. Nimemwomba radhi mara mbili. Hajaniitikia salamu hata leo, na ana haki.

Kwa hiyo usimchape Mwanaharusi. Ukimchapa atangoja ukigeuka. Muulize, peke yake, anatendwa nini nyumbani kwao, na ukijibiwa usishangae kwa sauti. Lakini ajue umeona kwa macho yako, na ajue kamba ile imekwisha.

Jibu hili litakufikia kesho kutwa, mwezi nane, upepo ukipenda. Usiku huo huo mwambie Famau, kabla hajatoka, na umwambie yote, na pale ulipojificha pia. Unaogopa atatoka na hasira. Basi asitoke! Bamvua moja taza anaweza kukaa ndani ya maji yake akalishwa. Hakuna mvuvi aliyekufa kwa kukosa bamvua moja. Kisha aende yeye kwa Maimuna, maana ni dada yake wa tumbo moja, nawe uende nyuma yake. Maimuna akipiga kelele, mwache apige, mvuvi yuko nchi kavu na hakuna mwiko unaovunjika. Akimaliza mwambie, "Wifi, wana wetu wote wawili wataharibika, mmoja kwa kuzamishwa na mmoja kwa kuzamisha." Mwalimu wa chuo aambiwe pia, na mama za wale wanne wengine, nyumba kwa nyumba, bila matusi.

Siku ya bamvua chukua kikapu chako uende mwambani pamoja na watoto. Si mikokoni, mwambani, waonapo. Okota chaza. Kesho yake nenda tena, na umwombe mwanamke mwingine mpokezane. Shimo la Nje lisifikiwe na mtoto yeyote msimu huu. Salme asipotaka kwenda, akae nyumbani, na asiulizwe sababu na mtu. Mtafutie mwenzake mmoja, mmoja tu anatosha, wa kwenda naye kisimani na kurudi; mtoto aliye na wa kutembea naye si rahisi kufungwa kamba. Na mfundishe kupiga ukelele na kukimbilia penye watu wazima, kwani hilo hamkumfundisha.

Wewe mwombe Salme radhi. Usimwambie "mama alikuwa na kazi". Mwambie, "Nilikuwa mikokoni, niliona, niliogopa, na nilikosea." Ataweza kukukasirikia. Mwache akukasirikie, usimharakishe kukutazama.

Na liko moja ambalo wewe huliwezi, analiweza Famau peke yake. Mtoto huyu anaamini kwamba alipolia ndani ya maji alimkosesha babaake kasa. Basi babaake amkalishe mbele yake, amshike mikono yote miwili, amwambie kwa kinywa chake: "Salme, nikiwa baharini, nataka ulie. Ukiumizwa, piga kelele mpaka zinifikie huko niliko." Asipoamini mara ya kwanza, amwambie tena kesho, na kesho kutwa.

Nasrudin atapita kwenu tena baada ya bamvua. Nitumie neno kwa mkono wake. Habari za kasa sizihitaji. Niandikie siku Salme atakapolia kwa sauti.

Zakia binti Abdulqadir