Nani Anachomoa Waya wa Kompyuta?

Mtaa wa Chini,
Kijiji cha Gorni Dabar,
Bitola.
29 Agosti 2012

Mpendwa dada Ristana,

Habari za Melbourne na baridi yenu ya mwezi wa nane? Magoti yanasemaje, na ile presha? Shemeji Kole bado anavutia sigara nyuma ya gereji akidhani humwoni? Sisi huku hatujambo. Joto limekaza, nyanya zimeiva zote kwa mpigo, na mke wangu Trajanka anazipika sosi tangu Jumatatu, nyumba nzima inanuka siki. Mimi mwenyewe nakula, nalala, natembea mpaka bustanini na kurudi. Hayo ya kula na kulala nimeyaandika mapema kwa sababu najua ndiyo unayotaka kuyasikia.

Tena tuanzie hapo hapo. Tangu uondoke mwaka 1971, ukipiga simu Jumapili swali lako la kwanza ni paa la nyumba ya baba, kama linavuja au halivuji. Lakini tangu Aprili hujaliuliza paa hata mara moja. Unauliza kama nimekula. Jumapili iliyopita umeuliza mara tatu, halafu ukavuta kamasi, ukasema ni vitunguu. Huko kwenu ilikuwa saa tano usiku, dada. Nani anamenya vitunguu saa tano za usiku?

Umesahau kazi niliyofanya mdogo wako. Miaka thelathini na moja nimekagua mita za umeme, nyumba kwa nyumba, nikitafuta nani kaichokonoa ipi. Mtu akinipa kahawa kabla sijaomba, nilijua mita yake haiko sawa. Kwa hiyo usinione mzee wa bustani tu.

Ndiyo maana naandika barua badala ya kupiga simu. Simu iko sebuleni, na Trajanka akiwa jikoni anasikia mpaka ninavyopumua. Barua hii naipeleka posta mwenyewe, kwa miguu yangu.

Mwezi wa tatu, kama ulivyoambiwa na mke wangu kwa namna yake, nilikuwa na kile kikohozi. Wakanipeleka hospitali mjini, nikaingizwa kwenye ile mashine inayovuma. Tulipomaliza, daktari akamwita mwanangu Blaže na mama yake ndani. Mimi nikaachwa koridoni nimeshika makoti matatu kama msumari wa ukutani. Walipotoka, Blaže alikuwa na macho mekundu. "Vumbi la hospitali, baba," akasema. Hospitali imepigwa deki mpaka unaona uso wako sakafuni, yeye kaona vumbi. Na majibu je? "Kivuli cha nimonia ya zamani. Chai ya mlimani na kupumzika." Niliona kwa macho yangu wamepewa bahasha, na ndani ya bahasha sidii ya picha za ile mashine. Kwenye gari nikaiulizia. Blaže akasema imebaki kwa daktari. Mama yake akaukumbatia mkoba kwa mikono miwili.

Sasa wewe na mimi tunajua mambo ya kwetu. Mgonjwa ndiye wa mwisho kuambiwa. Mama tulimwambia ni tumbo tu, pilipili zimemzidi, na mimi na wewe tulikubaliana barazani nini cha kusema kabla ya kuingia chumbani kwake. Kwa hiyo hakuna wa kunifundisha mchezo huu.

Nikaitafuta ile sidii. Miezi miwili, Ristana. Nimepekua unga, nimepekua mapipa ya kabichi, nimepekua nyuma ya picha ya mtakatifu, Mungu anisamehe. Mwezi wa sita nikaikuta chini kabisa ya kasha la Trajanka, ndani ya zile nguo alizojiwekea za kuzikiwa. Alijua huko sitatia mkono. Mtu hafichi kivuli cha nimonia mahali kama hapo.

Nikairudisha ilivyokuwa, nikaanza kufikiria pa kuisomea. Chumba cha nyuma ipo kompyuta ya Blaže ya tangu yuko sekondari, imefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake chungu cha ua. Inawaka vizuri tu, ila kisomeo chake cha sidii kilikufa zamani, trei haitoki hata ukiibembeleza. Nikaenda Bitola kwa Sotir, anayeuza vifaa vilivyotumika, nikachukua kisomeo kingine cha umri uleule. Nyumbani nikasema nataka kutazama sidii ya harusi ya mjukuu wako, ile uliyotutumia. Trajanka akafurahi.

Nikafungua skrubu nne, nikatoa kile kizee, nikaweka kipya changu cha zamani. Nikawasha. Taa ya kijani ikawaka, trei ikatoka na kurudi, lakini kompyuta ikaapa haioni kitu. Nikajiambia, Metodija, fikiri kama kazini. Umeme unafika, habari hazifiki. Kwa hiyo waya wa umeme hauna kosa. Kosa liko kwenye ule waya mwingine, mpana na bapa kama utepe, ambao kisomeo kinagawana na ile diski ya ndani inayotunza kila kitu. Nyuma ya kila kimoja kuna kiplastiki kidogo kuliko punje ya mchele, ndicho kinachosema nani mkubwa na nani mdogo kwenye waya huo. Nikatazama kwa miwani mbili. Vyote viwili vilikuwa vimejitangaza wakubwa. Nikachukua kibano cha nyusi cha Trajanka, nikakihamisha cha kisomeo, kikawa mdogo mtu, na kompyuta ikakiona palepale.

Tukatazama harusi. Umecheza vizuri na magoti yako hayo. Trajanka alisimama mlangoni na taulo mkononi, akacheka, halafu akaitazama ile trei.

"Kwa hiyo sasa inasoma sidii zote?" akauliza.

"Zote."

"Hata zisizo za muziki?"

"Hata hizo."

Nikaenda kumwagilia pilipili. Niliporudi, kompyuta haikioni tena kisomeo.

Shaka yangu ya kwanza ilimwangukia Sotir, maana nilimjua tangu yuko na kibanda na mita yake ilikuwa inazunguka kinyumenyume. Nikamrudishia kisomeo mezani mbele ya wateja.

"Umeniuzia maiti," nikamwambia.

"Mzee Metodi, ulinikatia umeme mwaka tisini na tatu, nikakaa gizani wiki mbili. Leo umekuja kuniuma tena?"

"Kilifanya kazi saa moja, kikafa."

"Haya, tuone hiyo maiti." Akakichomeka kwenye mashine yake ya kupimia. Kikasoma. Akaweka sidii nyingine, kikasoma. Wateja wakaanza kucheka. "Maiti gani hii inaimba? Mzee, tatizo liko kwako. Lakini kwa heshima ya umri wako, chukua hiki kingine, usije ukasema Sotir mwizi."

Nikachukua hicho kingine, nikapunguza kidogo shaka yangu kwa Sotir. Nyumbani kikafanya kazi asubuhi. Nikaenda kunywa kahawa kwa jirani. Kurudi, kimekufa.

Hapo ndipo nilipofungua ubavu wa kompyuta na kutazama bila haraka, nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Ule utepe ulikuwa umetoka kwenye kisomeo, upana wa kidole kimoja tu. Haukuanguka wala kulegea. Upande mmoja umetoka sawasawa na mwingine, na waya unaojitoa kwa mtikisiko hutoka mshazari. Nimeona maelfu. Ulikuwa umevutwa kwa vidole viwili na mtu mwangalifu asiyetaka kuuharibu.

Nikaurudisha. Kisha nikafanya nilichokuwa nikifanya kwa watu nisiowaamini: nikatia lakiri. Uzi mwembamba kwenye skrubu mbili za ubavu, na tone la nta ya mshumaa mweupe juu ya fundo. Nikaweka kitambaa na ua vilevile, nikaondoka kwenda kinyozi, na nywele zenyewe unazijua zimebaki ngapi.

Jioni nikakagua. Uzi uko, fundo liko, nta iko. Mwingine angeridhika. Mimi nikainamisha taa. Nta ilikuwa ya njano.

Mishumaa ya njano hapa kwetu inatoka kanisani, dada, na katika nyumba hii anayerudi na vipande vya mishumaa ya kanisani mfukoni ni mmoja tu. Huyu mwanamke aliyeogopa hata kubadilisha balbu, ambaye miaka arobaini na mbili hakugusa kifaa changu hata kimoja, amejifunza kutumia bisibisi ili nisijue. Nilikasirika, sikufichi. Nilikaa pale sakafuni nikiwaza kwenda jikoni kumwuliza, yeye na mwanaye, kama wananiona mtoto. Nikamsikia anaosha mitungi na kuimba. Anaimba akijua nipo. Nisipokuwepo, jirani ananiambia, analilia bandani kwa kuku.

Sikumwuliza. Nikasubiri siku yake ya kutoka.

Jana ilikuwa Sikukuu ya Mama wa Mungu, akaenda monasterini na wanawake wa mtaa. Akasita mlangoni mara mbili. "Utafanya nini peke yako, baba Blaže?" Nikamwambia nitalala. Basi lao lilipopita daraja nikaenda kwenye kasha. Nikachomeka utepe, nikawasha, nikajaribu kwanza na harusi, kwa sababu hata saa hiyo nilitaka uhakika kwamba mashine haidanganyi. Harusi ikaja. Nikaitoa, nikaweka ile ya kwangu. Trei ikarudi ndani na kunisubiri bila haraka, na kile kisomeo cha Sotir kikazunguka vizuri kuliko siku zote.

Picha sikuzielewa, ni mawingu ya kijivu. Lakini kulikuwa na ukurasa mmoja wa maandishi. Jina langu, mwaka wangu wa kuzaliwa, ili nisije nikasema ni la mwingine. Pafu la kulia. Ini. Kwamba kisu hakifai tena, na kwamba mgonjwa apewe dawa za maumivu na familia imeelezwa. Ndivyo walivyoandika, familia imeelezwa. Nimeusoma mara nne nikitafuta mahali alipochokonoa mtu. Hakuna.

Kwa hiyo zile vitamini anazonipa Trajanka, za kwenye chupa isiyo na karatasi, sasa nazijua jina. Nitaendelea kuzimeza na kuzisifia.

Nikazima. Nikautoa utepe upana wa kidole kimoja, pande zote mbili sawa, kama alivyouacha yeye. Nikafunga skrubu, nikafunga uzi, nikatia nta ya njano. Sidii nikairudisha ndani ya nguo zake na mkunjo uleule. Kazi safi, hata mimi mwenyewe nisingeigundua.

Alirudi na zabibu zilizobarikiwa, na hata kitambaa cha kichwa hakuvua kabla ya kuuliza.

"Haya, kimekubali hicho kidude chako?"

"Wapi. Sotir kaniuzia mbuzi kwenye gunia mara ya pili."

"Si nilikwambia? Tupa takataka hiyo, unajiumiza macho bure."

Akakaa. Akala maharage sahani nzima na mkate, akaongeza. Tangu mwezi wa tatu sijamwona mke wangu akila namna ile. Basi nimeamua abaki hivyo. Akijua kwamba najua, itabidi anitunze mimi na ajitunze mbele yangu, na nguvu hizo hana. Blaže naye mwache na vumbi lake.

Nawe najua unajua. Trajanka alikuambia Aprili, usikatae, sina hasira. Ila ile safari yako ya mwakani kiangazi, usiipange hivyo. Njoo mwezi wa kumi. Sababu utaitunga mwenyewe, siku hizi umekuwa mwepesi wa kutunga. Kwenye simu ya Jumapili usiseme umepata barua, na usiniulize tena kama nimekula, maana Trajanka naye si mjinga, na akikushuku wewe atanishuku na mimi.

Nisalimie shemeji Kole, mwambie moshi wa gereji unaonekana mpaka Bitola. Mbusu binti yako Velika na wanawe, na bibi harusi mwambie babu wa kijijini amemtazama akicheza mara mbili. Trajanka na Blaže wanakusalimu, ingawa hawajui. Mungu akulinde njiani, angani na ardhini, na akupe miguu ya kupanda ngazi zetu.

Ukifika tutakaa mezani watatu, wewe hujui kitu, Trajanka hajui kitu, na mimi sijui kitu. Tutakula vizuri. Lakini siku moja tafuta njia, sema twende sokoni wawili tu. Nimekuwa jasiri tangu jana saa nne asubuhi, na tayari nimechoka. Naogopa sana, Ristana, na katika nyumba hii sina pa kuogopea. Njoo nipate kuogopa kidogo mbele ya mtu.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Metodija