Dakika Ishirini na Tano Mbele ya Kabati

Shikamoo mama mshauri, mimi ni nesi wa zahanati, mwaka wa tisa kazini, nakuandikia kwa sababu hili hata mume wangu nimeshindwa kumwambia. Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, mama mmoja fundi cherehani aliingia mbio na mwanawe wa miaka minne mikononi, mtoto ana degedege, macho yamegeuka, povu linamtoka, na sindano ya kulikata tulikuwa nayo, ila inafungiwa kwenye kabati la dawa zenye masharti na ufunguo anao mkuu wetu peke yake, naye alikuwa mkutanoni. Nikampigia, hapokei, nikapiga tena, hapokei, mtoto nimemlaza ubavu, mama kaning'ang'ania mkono, "Nesi, fanya chochote, mwanangu anakwisha!" nami nawaza mwenzangu aliyepewa barua ya onyo kwa kulifungua kabati lile bila ruhusa, basi nikazidi kupiga simu, dakika ishirini na tano, saa ya ukutani naiona, mpaka midomo ya mtoto ilipobadilika rangi ndipo nikachukua nondo nikavunja kufuli, nikamchoma sindano.

Alipona, lakini mkono wa kulia hauna nguvu na maneno yanampotea. Mama yake alidhani zile simu nilikuwa naita gari la wagonjwa. Juzi kaniletea gauni alilonishonea mwenyewe, analia, "Wewe ndiye uliyenirudishia mwanangu," nami nikalipokea. Mkuu anataka niandike kwamba dawa ilikuwa imekwisha, tukaazima zahanati ya jirani. "Saini tu, sote tutapona," kasema. Nisaini?

Nesi Nisiyelala

Marahaba mwanangu. Pole, kisha nikugombeze.

Pole, kwa kuwa dawa ya dharura yenye ufunguo unaosafiri ni sawa na kutokuwa nayo, na kosa hilo si lako. Lakini umesomea kazi hii. Unajua degedege likipita dakika tano halisubiri simu ya mtu. Ulimwogopa bosi, mtoto akangoja. Neno hilo usilipake sukari.

Usisaini. Ukiandika dawa ilikwisha, wataleta nyingine, zifungiwe palepale. Andika saa aliyoingia, saa ulizopiga simu, saa uliyovunja kufuli. Mwone kwanza mtu wa chama chenu cha wauguzi, usiende ofisi ya juu ukiwa peke yako, na mdai ufunguo wa pili ukae na nesi wa zamu.

Gauni usilivae kabla mama hajajua. Nenda kwake mchana, kaa chini, mwambie yote. Kama ni zile dakika zilizouumiza mkono, mimi sijui, wala wewe hujui. Hilo nalo mwambie. Nenda na barua ya rufaa ya mazoezi ya viungo, na muulize daktari kama inapatikana ile dawa ya kuweka ndani ya shavu, ambayo mzazi anaweza kumpa mtoto nyumbani.

Huenda akakufukuza. Ana haki. Toka bila kujitetea, na wiki inayofuata hakikisha mtoto amefika kwenye mazoezi.