Mama Hakumngoja Jamshed

Mtaa wa Kale,
Bukhara.
15 Oktoba 1998

Mpendwa kaka Pinhas,

Shalom nyingi kutoka nyumbani. Goti lako linaendeleaje? Na wifi Zilpo, kifua bado kinambana kwa baridi ya Nyuyoki? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mikomamanga imezaa mwaka huu, na mume wangu Nerye anazidi kunenepa utadhani anashindana na mtu.

Barua yako niliipata. Umesema mama amezeeka, asiachiwe tena mishumaa wala jiko, na kwamba utamchukua akakae kwako. Kaka, kaa chini kwanza nikuhadithie.

Jioni ya kwanza ya Sikukuu ya Vibanda tulikuwa watu kumi na mmoja uani. Kibanda tulikipamba vilevile unavyokijua: matete juu, suzani za mama, vile vitambaa vyake vya kutarizi, zimetandazwa ukutani, na kile kiti kitupu cha wageni wetu watakatifu wasioonekana, baba Ibrahimu na wenzake, kimefunikwa hariri. Mimi ndiye niliyeisogeza mishumaa karibu na kiti, eti niwape heshima. Nyuma ya kiti alilala mjukuu wangu Bahor, wa miezi minne, amefungwa mikanda ndani ya kitanda chake cha kubembea.

Upepo ukaingia, hariri ikashika moto. Nasi tukafanya nini? Tukaduwaa. Unajua siku hiyo haturuhusiwi kuzima moto, na tangu utotoni tumezoea kumwita jirani Mwislamu atuzimie. Basi dada yako nikakimbilia ukuta wa jirani nikipiga kelele, "Jamshed! Jamshed, njoo utusaidie!" Nerye naye akadakia, "Aje na ndoo!" Mama yake Bahor alikuwa jikoni, na katika zogo lile hakuna aliyemkumbuka mtoto. Naona haya hata kuandika.

Aliyenyanyuka ni mama. Mama huyu huyu ambaye kwa miaka themanini na moja hajazima hata njiti ya kiberiti siku takatifu.

"Mpaka Jamshed apate viatu vyake tutakuwa majivu! Tovo, mtoto! Mtoe mtoto!" akanifokea.

Akaing'oa suzani yake ya harusi, ile aliyoitarizi miaka mitatu, akaichovya kwenye pipa la maji ya kunawia na kuutupia moto. Nilijipenyeza nyuma ya kiti. Vidole vilikataa kufungua mikanda, nikabeba kitanda kizima na mtoto ndani. Mama aliendelea kuupiga moto kwa kile kitambaa mpaka ukafa, kabla haujafika kwenye matete.

Jamshed akatokea, kiatu kimoja mguuni. "Bibi, umeninyima thawabu!"

"Kaa ule pilau," mama akamwambia. "Na kiatu cha pili kavae, unatutia aibu."

Tulicheka, lakini mama hakugusa chakula. Asubuhi alijikokota hadi sinagogi kumuuliza Mullo Amnun, mwalimu wetu, kama ameivunja sikukuu. Nilimshika mkono njia nzima, maana niliogopa atakemewa kwa kosa langu.

Mullo alisimama alipomwona. "Bibi Sivyo, roho ya mtu ikiwa hatarini, kuzima ni amri. Mwenye kosa ni yule anayetafuta mtu wa kumzimia." Kisha akanitazama mimi. Nami nikatazama sakafu.

Tangu siku hiyo mama hashikiki. Amepita nyumba kumi na saba akiwaamuru watu: mishumaa ikae juu ya sinia lenye mchanga, mbali na kitambaa chochote, ndoo ya maji iwe karibu, mtoto asilazwe penye moto. Anayebisha anaambiwa, "Nenda kabishane na mullo." Wanawake wa mtaa wanampisha njiani kama malkia. Kaka, nimejaa fahari mpaka najikuta nachekacheka peke yangu sokoni.

Wasalimie mwanao Hanan na mkewe Mazol, na umbusu wifi kwa niaba yangu. Mungu awafunike kwa amani yake na awarudishe siku moja mkae nasi uani.

Barua yako nilimsomea mama, yote, bila kuficha neno. Akasema, "Mwambie Pinhas nitakuja. Bahor akishajua kuzima moto mwenyewe."

Dada yako akupendaye daima,
Tovo